Tangazo la Kifo cha Kaka Yangu

Juzi binti yangu aliingia jikoni amevimba kwa hasira, simu mkononi. Alikuwa ameandika maneno yake juu ya siasa za nchi, huko mtandaoni ambako vijana wanaishi siku hizi, na kampuni yenye mtandao ikayafuta. Haikumtukana wala kumtisha. Ilimwandikia kwa adabu kwamba maneno yake hayalingani na kanuni zake, ikaishia hapo. Mimi nilikuwa nakaanga ndagala, dagaa wa ziwa letu, lakini aliniuliza kana kwamba ni mimi niliyemfutia.

"Mama, hawa watu ruhusa ya kunifunga mudomo walitoa wapi? Nani aliwachagua?"

Nilimwambia akaniletee chumvi kwa jirani. Nina ulimi mkali, mtaa wote wa Cibitoke unajua, na jibu lingepatikana. Lakini swali lile nalijua tangu kabla yeye hajazaliwa. Nililisikia wakati wa vita, likiulizwa na babu yake, kwenye baraza la nyumba moja ya Kiriri, mtaa wa matajiri huko mlimani, na mtu aliyeulizwa alilijibu. Jibu lake ndilo lililonifanya nilichukie swali.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, lakini mtaani hawakumjua kwa chaki. Walimjua kwa ijambo. Kwetu ijambo ni neno linalotolewa mbele ya watu, kwenye posa, kwenye harusi, kwenye msiba, na halitolewi na yeyote tu. Familia inamchagua mtu wa kuisemea. Anasimama, pombe inawekwa mbele yake maana neno halitoki kavu, anakohoa kidogo, kisha anaanza kuzunguka. Nasema kuzunguka kwa sababu ndiyo kazi yenyewe. Msemaji hodari haendi kwenye jambo moja kwa moja kama mtu anayewahi chooni. Akitumwa kuomba mke, atasema wamepita tu kuulizia ndama aliyepotea. Baba alikuwa fundi wa mambo hayo. Aliweza kumwambia mtu mbele ya wageni kwamba mwanawe ni mlevi, na yule mtu akapiga makofi.

Msibani, hata hivyo, msemaji ana wajibu mmoja ambao hauzungukwi. Lazima aeleze marehemu alivyokufa: alianza kuugua vipi, walimpeleka wapi, aliaga namna gani. Watu wananyamaza wanasikiliza mpaka mwisho. Kifo kisichoelezwa, kila mtu hukieleza anavyotaka, na mara nyingi wanataka vibaya.

Kaka yangu alikuwa mchomeleaji. Alitengeneza milango na madirisha ya chuma katika kibanda cha mabati karibu na kwetu, na vita ilikuwa imemletea kazi, aibu kusema, kwa sababu kila mtu alitaka mlango wa chuma. Siku ile alikwenda Musaga, upande mwingine wa mji, kufunga geti la mteja. Wakati wa kurudi, mchana kweupe, basi dogo alilopanda lilisimamishwa kwenye kizuizi. Abiria wengine walipita. Yeye alikuwa na mfuko wenye nyundo, bawaba na vipande vya bomba, wakamshusha. Dereva ndiye aliyekuja kutusimulia, akiwa amesimama langoni, hataki kiti. Baada ya hapo hakupita tena mtaa wetu.

Walikuwa nani kwenye kizuizi kile? Miaka ile vizuizi vilikuwa vingi na wenyewe walikuwa wengi, wenye sare na wasio na sare. Dereva alisema "wale". Sisi nasi tukasema "wale". Kila mtu mjini alikuwa na "wale" wake.

Mwili wake ulipatikana kando ya mto, pamoja na miili ya wengine wawili tusiowajua. Tulimzika haraka haraka, watu wachache, kabla ya saa ya kujifungia ndani. Tulipokuwa bado na udongo kwenye viatu, redio ikatoa habari za jioni. Majambazi watatu, ilisema, wameuawa karibu na mto, wakiwa na vifaa vya kutengenezea silaha.

Baba alikuwa ameshika kikombe cha chai. Alikitazama kana kwamba kikombe ndicho kilichosema. Mimi nilipiga kelele. Bawaba! Nani ameuawa kwa bawaba tangu dunia iumbwe? Mama aliniziba mdomo kwa kiganja chake kwa sababu dirisha lilikuwa wazi.

Redio ile ilikuwa ya mtu binafsi, tajiri mmoja wa Kiriri, na tuliipenda. Hilo lazima niliseme, maana leo ni rahisi kujifanya hatukuipenda. Baada ya habari za mchana ilisoma matangazo ya vifo, na saa hiyo mtaa mzima ulinyamaza. Hata wasio na mgonjwa walisikiliza, kijiko hewani. Simu walikuwa nazo watu wa Kiriri. Sisi wengine tulikuwa na redio na mawe yake, yaani betri, na mawe yakichoka tuliyaanika juani yapate nguvu ya siku moja zaidi. Vita ilikuwa imetutawanya. Dada zake mama walikuwa Uvira, ng'ambo ya mpaka. Ndugu za baba walikuwa kambini, na kambi zenyewe zilihamahama. Hapakuwa na njia nyingine ya kuwafikia. Asiyetangazwa pale alikuwa kama hajafa.

Matangazo yote yalifanana. Familia ya fulani ina huzuni kuwajulisha ndugu na marafiki kwamba mpendwa wao ameitika mwito wa Mungu. Aliyekufa kwa malaria ameitika, aliyekufa kwa uzee ameitika, na aliyekutwa kichakani mikono imefungwa nyuma, naye ameitika. Baba mwenyewe alikuwa amewaandikia majirani wengi matangazo ya namna hiyo. Walimwendea kwa sababu mwandiko wake ulikuwa mzuri na kwa sababu alijua kulainisha.

La mwanawe hakulilainisha. Aliandika kwamba kijana wake ameuawa mchana, kwenye kizuizi, akitoka kazini. Akaongeza: hakuwa na silaha, hakuwa na chama, hakuwa jambazi. Kisha akavaa koti lake la harusi za watu, nikamsindikiza mpaka redioni.

Aliyepokea matangazo alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye kitambaa cheusi kichwani. Naye alikuwa na msiba wake. Alisoma akiinamisha kichwa. Akachukua kalamu, akaanza kupiga mistari taratibu, kama mtu anayeogopa kuiumiza karatasi. Alipomaliza lilikuwa limebaki jina la kaka, majina yetu, na nafasi katikati. Kwenye nafasi ile aliandika: ameitika mwito wa Mungu.

"Mwalimu, unisamehe," alisema. "Hii yote ilikuwa siasa."

"Wapi siasa?"

"Kuuawa. Barieri. Silaha. Chama. Jambazi."

"Mutoto yangu kufa ndiyo siasa?"

"Kufa si siasa, Mwalimu. Kuuawa ndiyo siasa."

"Lakini juzi mulisema wameuawa. Nilisikia na masikio yangu. Ile neno muko nayo hapa."

"Ile ilikuwa habari, ilitoka kwa wakubwa. Yako ni komunike, tangazo ya familia." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Uende uone patron, mwenye redio, Mwalimu. Mi sina nguvu."

Kiriri tulipanda kwa miguu. Huko juu barabara ni za magari, mtu anayetembea anatazamwa na mbwa. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia yule tajiri, nikiwa nimekwisha kumchorea kitambi na pete, lakini alikuja getini mwenyewe, mtu mwembamba mwenye kandambili, akamshika baba mkono kwa mikono miwili kama inavyotakiwa kumshika mfiwa. Alitukalisha barazani. Mimi aliniletea Fanta. Kutoka pale mji unaonekana wote, ziwa na mabati na moshi wa mtaa unaoungua siku hiyo, ila harufu haifiki.

Baba alianza kuzunguka, kwa mazoea, akasifu maua ya bustani. Kisha akajikatisha katikati.

"Mutoto yangu hakukuwa jambazi."

"Najua," alisema mwenye redio. "Najua vile najua jina yangu. Pole sana, Mwalimu."

"Basi sema."

"Apana."

Alilisema polepole, bila jeuri. Kisha akatusimulia. Familia moja ilimletea tangazo kama letu, lenye mahali na lenye waliofanya, akaona ukweli ni ukweli, akalisoma yeye mwenyewe kwa sauti yake. Jioni ile vijana wa mtaa ule walishuka kwa majirani. Walichoma nyumba zikiwa na watu. Majirani nao wakalipiza, na wa kwanza kulipizwa ilikuwa familia iliyoleta tangazo.

"Sasa uniambie, Mwalimu, nilimusaidia nani? Na kule kwa jirani zetu uliona redio ilifanya nini. Mi sitaki mikono yangu ifanane na ile mikono."

Baba alijua. Nani hakujua? Watu walikufa kwa mamia ya maelfu nchi jirani kwa sababu redio iliwataja na kuhimiza wauawe. Ndipo akauliza lile swali.

"Kwa hiyo we peke yako unakata nani aseme nini. Nani alikuchagua?"

"Hakuna mutu. Redio ni yangu. Antena ni yangu. Mazuti ya jenereta nanunua mi. Wale wa barieri, nani aliwachagua? Na rais mwenye tulichagua sisi wote, na kura, Mwalimu, uliona alifanywa nini."

Hapo baba alifanya jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mtu yule aliyewasemea wenzake miaka yote, aliyepunguza mahari za watu kwa neno moja la utani, alianza kujiombea mwenyewe, na hakuwa na ufundi wowote. Alisogea ukingoni mwa kiti.

"Basi acha kuuawa. Acha barieri. Useme ameitika mwito ya Mungu, sawa. Lakini uongeze neno moja tu, hakukuwa jambazi. Ile moja."

Yule bwana alifikiri. Niliona anafikiri kweli, hakuwa anatuchezea.

"Nikisema yako hakukuwa, wale wawili wengine watakuwa nini? Kesho familia zao zitakuja. Na wakubwa wataniuliza, kumbe habari yetu ilikuwa uongo? Watafunga redio. Halafu hata kusema mutu ameitika mwito ya Mungu, hutapata pahali pa kusemea."

Nilitaka kumrushia chupa ya Fanta. Nimefikiria hasira ile miaka mingi na sasa naijua sura yake. Kama angetudanganya ningepoa, maana mwongo unamlaani unakwenda zako. Lakini kila alichosema pale kilikuwa kweli, na kaka yangu akabaki jambazi. Mtu mmoja kwenye baraza lake, kwa nia njema, kwa sababu za kueleweka, aliamua ni uongo upi utakaokwenda hewani na ni ukweli upi utakaorudi nyumbani kwa miguu. Angekuwa mjinga angekuwa afadhali.

Tulipokuwa tunateremka baba alikunja karatasi yake akaitia mfukoni. "Siwezi kutangaza uongo," alisema.

Ndipo vita ya nyumbani ikaanza. Mama aliuza mawese sokoni na hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini machache aliyokuwa nayo aliyatumia yote.

"We unataka neno," alimwambia baba. "Mi nataka wadada zangu. Mutoto yangu iko kwa udongo na hakuna mama mudogo hata mumoja alimulilia. Watangaze tu nipate watu wa kulia nao. Mungu anajua ile ingine."

"Mungu anajua, lakini mutaa haujui."

"Mutaa! Mutaa ndio ulimuzaa?"

Kwetu msiba una mwisho wake. Watu wanakusanyika, msemaji anaeleza kifo, pombe inanywewa, matanga yanaondolewa, nyumba inaruhusiwa kuishi tena. Bila hayo unabaki na kifo sebuleni. Baba alikataa kukusanya watu kwa tangazo la uongo, na mama hakuweza kuondoa matanga bila watu. Walilala kitanda kimoja kila mmoja akitazama ukuta wake.

Na mtaa haukukaa bure. Mwanzoni walikuja kutupa pole. Kisha nikaanza kuyasikia kwenye bomba la maji: kwa nini hawamtangazi? Mtu akifa vizuri anatangazwa. Kuna kitu wanaficha. Mwanamke mmoja aliyetengenezewa mlango wa chuma na kaka yangu, mlango anaoufunga kila jioni apate usingizi, alisema mbele yangu kwamba siku hizi huwezi kumjua mtoto wa mwenzio. Nilimmwagia ndoo ya maji. Haikusaidia kitu, ila nililala vizuri siku hiyo. Baba alikuwa ananyamaza ili jina la mwanawe lisichafuliwe, na kunyamaza kwake ndiko kulikokuwa kunalichafua.

Nadhani mama aliyasikia hayohayo sokoni. Hakumwambia mtu. Mchana mmoja tukiwa tunakula, maharage na ndizi, matangazo yakafika na jina la kaka likatoka redioni. Majina yetu yakafuata, yakifuatwa na mama wadogo wa Uvira mmoja mmoja, kisha siku ya kuondoa matanga. Na katikati, kwa sauti ya yule msomaji ambaye kila familia mjini ilimjua, ameitika mwito wa Mungu.

Baba aliweka kijiko chini.

"Mungu hakumwita," alisema. "Wenye walimwita walikuwa na bunduki."

"Najua," mama alisema. Alikuwa hajaacha kula. Machozi yalikuwa yanaingia kwenye sahani na alikuwa anakula. "Najua, baba watoto. Kula."

Mama wadogo walikuja. Jinsi walivyopita mpakani ni hadithi yao, lakini walikuja, na vikapu na vilio vyao, wakamkumbatia mama langoni mpaka wote wanne wakaanguka kwenye vumbi. Sikuwahi kumwona mama amefurahi hivyo, na sina neno jingine la kuliita jambo lile. Ua lilijaa. Tulifunga turubai, tukaazima viti vya parokia. Hata mwanamke wa ndoo alikuja, ameleta mchele.

Kwa desturi mfiwa hajisemei, anasemewa. Lakini nani angethubutu kutoa ijambo mbele ya baba? Watu walimtaka yeye, na yeye alikubali upesi mno. Mimi nilijua kwa nini. Asubuhi ile nilikuwa nimemsikia nyuma ya nyumba, karibu na mabanda ya sungura, akijaribu maneno yake: ameuawa, mchana, kwenye kizuizi, hakuwa na silaha, hakuwa na chama, hakuwa jambazi. Aliyarudia kama mtoto anayekariri. Ua lile lilikuwa lake. Antena hakuna, tajiri hakuna, mama wa kalamu hakuna. Mtaa wote umekaa mbele yake, na desturi yenyewe inamdai aeleze. Nilijiambia, leo kaka anarudi kuwa mtu.

Alisimama, pombe ikawekwa, akakohoa. Alianza vizuri. Alieleza kaka alivyozaliwa msimu wa mvua kubwa, alivyovunja kiti cha paroko, na mlango wake wa kwanza uliokataa kufunga mpaka mteja akaomba auziwe na jiwe la kuuegemeza. Watu walicheka, hata mama alicheka. Hapo ndipo alipokuwa akitaka kutufikisha. Kicheko ni kwa ajili ya kuwaweka watu pamoja kabla ya jambo lenyewe.

"Halafu ile siku," alisema, "alikwenda Musaga kwa kazi yake."

Baba aliinua macho, na naamini ndipo alipowaona.

Karibu na lango walikuwa wamesimama wenzake kaka, vijana wa karakana, wachomeleaji na mafundi wa baiskeli. Hawakuwa wamekaa wala kunywa. Mmoja alikuwa amevua koti na kulifunga kiunoni. Walimtazama baba kama watu wanaosubiri kuambiwa mahali. Kwenye ukuta wa pili kulikuwa na wanaume tusiowajua, wenye viatu vizuri, na msibani humkatazi mtu. Katikati ya hao na hao walikuwa mama na dada zake, wamekaa kwenye mkeka, miguu imenyooshwa.

Alisimama sana. Povu la pombe lilishuka lote. Mdomo wake ulifunguka, niliona, maneno yalikuwa pale. Kisha akatazama mkeka.

"Na huko," alisema, "mutoto yangu akaitika mwito ya Mungu."

Akakaa. Watu wakaitikia kwa adabu kama inavyotakiwa. Mama alimtazama, si kwa ushindi. Aliinuka akaenda kukaa karibu naye, jambo ambalo wanawake wa umri wake hawakulifanya mbele ya wageni.

Vijana langoni walitazamana. "Hata muzee mwenyewe hawezi kusema," mmoja alisema, akatema mate, wakatoka wote pamoja. Wenye viatu vizuri walikunywa bia moja moja wakaondoka pia.

Ningependa kuandika kwamba ukimya ule ulimwokoa mtu. Vijana wale hawakuhitaji baba awaambie mahali. Walikuwa na mahali pao tayari. Haikupita wiki walishuka mtaa wa pili, na sitaeleza walichofanya. Baadhi yao hawakurudi. Redio ilisema majambazi. Kama baba angesema, pengine wangekufa wengi zaidi, pengine tungekufa sisi. Na kama yule tajiri angesoma sentensi moja ile, hakukuwa jambazi, pengine vijana wale wangelala nyumbani, kwa sababu wangeona kuna anayesema. Au pengine wangeshuka mapema zaidi. Nimelipima jambo hili kila upande na halina upande mzuri. Wanaosema ruhusuni kila neno hawakuishi karibu na sisi. Wanaosema mwenye chombo akate atakavyo, nao sijui wangemwambia nini mama yangu.

Baba hakutoa ijambo tena. Walimwita kwenye harusi, alikwenda na zawadi yake akakaa nyuma na wageni. Alikufa kwa kisukari baada ya vita kwisha. Tangazo lake niliandika mimi, likasomwa lote, hawakukata hata neno.

Binti yangu alirudi na chumvi. Hasira ilikuwa imeshuka kidogo, na ndagala zilikuwa zimeanza kuungua. Aliegemea mlango, ule wa chuma, ambao mjomba wake aliutengeneza na ambao unafunga vizuri.

"Nilikuwa nimeandika juu ya wale walikufa wakati wa vita," alisema. "Hakuna mutu aliulizwa juu ya damu yao. Nitaandika tena, na safari hii nataka kumuweka mujomba. Mama, alikufa aje, kweli kweli?"

Dirisha lilikuwa wazi. Jirani alikuwa anafua upande wa pili wa ukuta, na niliona amesimamisha mikono.

"Aliitika mwito ya Mungu, mama," nilimjibu. "Lete sahani."